Cheti cha Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Gauni likipita mikononi mwake, pindo lake hukaa sawasawa kutoka mguu wa kulia mpaka wa kushoto, halivutiki wala halifumuki, na mvaaji huzeeka akaliacha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameketi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani ikitazama mlango na mlango ukitazama barabara, akishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na kwa bahati nzuri hakuna aliyempa jina kwa ajili yake. Mama Pindo hakujua kushona kola.

Tusimwonee. Kola aliiweka, na ilionekana ipo. Ila shati likifuliwa mara mbili, ncha za kola huinuka, na likifuliwa mara ya tatu zinamtazama mvaaji usoni. Mumewe, dereva mstaafu wa lori asiyeishiwa maneno, alizoea kusema kwamba mke wake humshonea mashati yenye mbawa, na siku ya upepo mkali wasimtafute karibu. Mteja akileta kitambaa cha koti, Mama Pindo alidai cherehani yake haipendi vitambaa vizito, akakipeleka kimyakimya kwa fundi wa mtaa wa pili, kisha akalikabidhi koti kwa mteja na uso wa mtu aliyechoka na kazi. Hakuwa mwongo. Alikuwa na aibu, na aibu haikosi njia.

Mtu huyo ndiye ambaye kanisa lilimteua awe mwalimu wa misheni.

Mambo yalianza Jumapili moja ya mvua, pale Mwenyekiti wa kamati ya misheni aliposimama mbele na karatasi zake. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa ripoti, na alipokosa shule ya kuiandikia ripoti aliligeukia kanisa. Alitangaza kwamba msafara wa watu kumi na watatu utakwenda nchi jirani, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi, kuwahudumia ndugu walio katika umaskini wa kutupwa.

"Ndugu zangu, sisi tumebarikiwa!" alisema, na nyuma yake paa likadondosha maji kwenye ndoo iliyowekwa katikati ya kwaya. "Tumebarikiwa!" akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili aishinde ndoo.

Wanaume watapaka rangi, vijana wataimba, na Mama Pindo atafundisha ushonaji kwa siku nne. Cherehani mbili zitaachwa kule kwa wanafunzi wawili, kwa sharti alilolitunga Mwenyekiti mwenyewe na kulituma mapema kwa barua: ziende kwa wale ambao hawakujua kushona kabisa. "Tunataka ushuhuda," alieleza. "Anayejua tayari tutamshuhudia nini?"

Kisha kamati ikaamua msafara uvae makoti ya rangi moja, yenye neno TUMETUMWA mgongoni, na yashonwe na mwalimu mwenyewe kwa kujitolea. Mama Pindo alitaka kusema neno, lakini makofi yalikuwa yameshapigwa. Makoti kumi na matatu ni kola kumi na tatu, na kola kumi na tatu ni ncha ishirini na sita. Basi lilipovuka mpaka, baada ya vumbi la jana na mvua ya asubuhi, ncha zote ishirini na sita zilikuwa zimeinuka, na msafara ukateremka mbele ya wenyeji kama watu waliogutushwa usingizini.

Wenyeji waliwapokea kwa nyimbo. Waliongea Kiswahili hichohicho, ila chao kiliimba kidogo. Jambo la kwanza ambalo Mama Pindo aliliona ni paa la kanisa lao, ambalo halikuwa na tundu hata moja. Mwenyekiti naye aliliona, na uso ukampungua furaha.

"Lazima wana mfadhili," alinong'ona.

Darasa lilikuwa katika chumba cha watoto cha kanisa, chenye viti vifupi na ubao uliobaki na picha ya samaki. Walikuja wanawake kumi na wawili, wakaketi magoti yakiwafika kifuani. Mama Pindo alianza mwanzo kabisa, hii ni sindano, huu ni uzi, akawaona wanatikisa vichwa kwa mshangao mkubwa, mshangao wa watu kumi na wawili kwa pamoja. Mshangao ule aliwahi kuuona mahali.

Alikuwa mtoto wa miaka saba wageni walipokuja kwao. Ndiyo, kwao pia walikuja wageni, weupe kwa weusi, na fulana zao zenye maandishi, wakafundisha watu kunawa mikono. Mama yake, mwanamke aliyekuwa hamruhusu mtu kugusa sufuria bila kunawa, alisimama mbele ya kamera akanawa mikono kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na miaka thelathini na nne. Wageni walipiga makofi. Jioni ile boksi zima la sabuni lilibaki nyumbani, na mama yake alisema tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaendelea kuosha vyombo.

Kwa hiyo Mama Pindo hakutazama nyuso tena, alitazama mikono. Mwanamke mmoja aliyefunga kilemba cha njano, tumwite Mama Kilemba, alipewa kipande cha kitambaa ashone mstari. Mstari ulipinda kushoto, ukapinda kulia, ukakaribia kutoka nje ya kitambaa. Mwenyekiti, aliyekuwa akipita na kamera, aliusifu kwa huruma, akauomba uwe kumbukumbu ya siku ya kwanza. Lakini ulipofika mwisho, mkono wa Mama Kilemba ulirudi nyuma mishono miwili, ukafunga, ukakata uzi kwa mshazari. Mtu asiyejua kushona hafungi mshono. Hata hajui kwamba unafunguka.

Saa ya mapumziko, wenzao walipotoka kwenda kunywa chai, Mama Pindo alikivuta kiti karibu.

"Dada, umeanza lini kushona?"

"Leo asubuhi, mwalimu."

"Na ule mshono umeufunga mwishoni kwa nini?"

Mama Kilemba alitazama vidole vyake kama vile ni watoto waliotoa siri ya nyumbani mbele ya wageni.

"Mkono una kiherehere," alisema. "Miaka kumi na minane ya kushona makoti. Nimeuambia upinde, ukapinda. Nikasahau kuuambia usifunge."

Akaeleza bila kuzunguka. Cherehani yake iliuzwa mume wake alipolazwa, na mume hakurudi, na cherehani haikurudi. Sasa mwaka wa tatu alikuwa akishona kwa mkono, pindo moja asubuhi, kifungo kimoja jioni, na watoto wawili shuleni. Barua ya Mwenyekiti ilipofika kwamba mashine ni za wasiojua kabisa, mchungaji wao aliisoma mara mbili, akafikiri, akasema: basi, akina mama, hatujui.

"Wote kumi na wawili?"

"Mmoja ni wa kweli. Yule binti wa gauni la buluu. Yule hajui hata kidogo, na mashine moja ni yake, tumeshakubaliana. Wengine kumi wana mashine nyumbani, wamekuja kukusindikiza tu, darasa lisiwe tupu. Ukija kutoka mbali hivyo ukakuta viti vitupu, si vizuri."

Mama Pindo alishindwa kucheka na alishindwa kununa. Alikuwa amesafiri siku moja na nusu kuja kuwasaidia, kumbe wao ndio waliokuwa wamekaa kwenye viti vya watoto tangu saa mbili wakimsaidia yeye.

"Nikisema, mashine utaikosa," alisema taratibu.

"Najua. Sema tu, dada. Kusema kweli ndiyo kazi mliyotumwa." Kilemba cha njano kikainama upande mmoja. "Ila nikuulize na mimi. Haya makoti yenu nani kayashona?"

"Kuna fundi mmoja kule kwetu," alisema Mama Pindo.

"Ana mkono wa pindo huyo. Nimetazama pindo la koti lako asubuhi nzima, sijaona kosa."

"Kweli?"

"Kabisa. Ila kwenye kola, mwambieni amwogope Mungu."

Mama Pindo akaanza kutikisika mabega, na Mama Kilemba akaziba mdomo kwa kipande cha kitambaa, na wale wawili wakacheka mpaka machozi, huku nje Mwenyekiti akiwaambia watu kwa sauti kwamba wasikilize jinsi furaha ya Bwana inavyofanya kazi.

"Fundi mwenyewe ni mimi," alisema Mama Pindo alipoweza.

"Nilijua. Umeishika kola yako mara nne tangu uanze kufundisha."

"Nifundishe."

"Nani amfundishe nani? Ratiba ipo ukutani."

"Achana na ratiba. Nifundishe kola, na mimi nitajua la kusema."

Hivyo ndivyo misheni ilivyofanyika. Asubuhi Mama Pindo alifundisha watu wanaojua, na binti mmoja wa gauni la buluu asiyejua, ambaye kwa kweli alipiga hatua. Mchana, Mwenyekiti akisinzia juu ya ripoti, mafundi wawili walijifungia katika chumba kidogo cha kuhifadhia vitabu vya nyimbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Pindo aliinama kwelikweli. Alivua koti lake, akafumua kola yake mwenyewe uzi kwa uzi, akaweka vipande vyake mezani mbele ya mwanafunzi wake.

Mama Kilemba alivigusa, akatikisa kichwa.

"Tatizo lako wewe ni haki."

"Haki?"

"Unakata kipande cha juu na cha chini sawasawa, kama unagawa urithi. Kola haitaki usawa. Cha chini kikate kidogo zaidi, ukikate mshazari, halafu ukivute taratibu unaposhona. Cha juu kitakilalia chenyewe. Vikiwa sawa vinagombana, na vikigombana ncha ndizo zinazoinuka."

Miaka ishirini na sita! Neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Mama Pindo alijisikia kulia, na si kwa furaha. Aliwaza mashati yote, maharusi wote waliosimama mbele ya kamera na mbawa shingoni, na zaidi aliwaza fundi wa mtaa wa pili ambaye alijua siku zote na hakumwambia, kwa sababu naye hakumuuliza. Kisha akakata upya. Siku ya kwanza kola ikakataa, siku ya pili ikakubali upande mmoja tu, na siku ya tatu ikalala shingoni, ncha zote mbili zikitazama chini kwa adabu.

Asubuhi ya siku ya nne, siku ya kufunga, walipiga picha ya pamoja. Mwenyekiti aliwapanga, akarudi nyuma, akakunja uso.

"Mwalimu, kola yako imelala. Hebu iinue, tufanane."

Mama Pindo aliiinua. Ilirudi ikalala. Picha ikapigwa hivyohivyo.

Halafu ukaja wakati wenyewe. Wanawake kumi na wawili walisimama mbele ya kanisa, cherehani mbili zikiwa mezani na utepe. Binti wa gauni la buluu alipewa yake bila swali, maana kila mtu alikuwa ameona akijichoma kidole. Mama Kilemba aliposogea, Mwenyekiti aliinua vitambaa vyake viwili, cha siku ya kwanza na cha siku ya mwisho. Cha kwanza kilikuwa mchafuko mtupu. Cha mwisho, Mama Kilemba alijitahidi sana kukiharibu, lakini mwanamke ana mipaka yake, na mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula.

"Siku nne tu?" alisema Mwenyekiti, akageuza kitambaa huku na huku. Alikuwa mwalimu miaka mingi, na alijua mtihani ulioibiwa unavyofanana. "Mwalimu, njoo mbele. Tuthibitishie mbele ya kusanyiko. Huyu mama alipokuja alikuwa anajua nini?"

Mchungaji mwenyeji akakohoa. Mama Kilemba alitazama sakafu, mkono mmoja ukiwa tayari umegusa ukingo wa meza yenye mashine, vidole viwili tu. Mama Pindo aliviona vile vidole.

"Mwenyekiti," alisema, "mshono wake wa siku ya kwanza huo unao mkononi."

"Ninao. Na sasa?"

"Na sasa ananishinda mimi. Nasema mbele za Mungu, ananishinda."

Kanisa likalipuka kwa makofi. Mwenyekiti alitoa leso akajifuta macho, akasema hajawahi kuona mwalimu anayemheshimu mwanafunzi namna hiyo, na mashine ikatoka mezani ikaenda mikononi mwa mwenyewe. Mama Kilemba hakupiga kelele wala hakucheza. Alizungusha gurudumu mara moja kwa kiganja, akainamisha sikio kusikiliza, akafunga macho.

Vyeti vilikuwa kumi na vitano, na waliohitimu kumi na wawili. Wakati watu wanakula, Mama Kilemba alichukua kimoja kati ya vile vilivyobaki, akaazima kalamu ya mchungaji, akaandika kwa mwandiko wa mtu aliyesoma. Palipoandikwa *mwanafunzi* aliandika jina kamili la Mama Pindo. Palipoandikwa *mwalimu* aliandika lake, akatia sahihi. Akakikunja mara mbili akamwekea mwenzake mfukoni, chini ya ile kola.

"Usinitanie," alisema Mama Pindo.

"Sikutanii. Umefaulu."

Njia nzima ya kurudi, Mama Pindo aliamua kwamba nyumbani atasema kweli. Mashine ilikuwa imeshafika kwa mwenyewe, hakuna wa kuifuata siku moja na nusu kuichukua. Kunyamaza kulimfaa Mama Kilemba kule, hapa kungemfaa yeye tu, na hakutaka.

Jumapili ya ushuhuda kanisa lilijaa. Mwenyekiti alisoma ripoti kurasa kumi na moja. Alifika kwa "mama mmoja mjane ambaye hakujua hata kushika sindano," akainua kile kitambaa kilichopinda, na watu wakavuta pumzi kwa huruma. Ndoo ya kwaya ilikuwa mahali pake.

Mama Pindo alipoitwa, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe. Mimi nilikwenda kufundisha, lakini nimefundishwa."

"Amina!" lilisema kanisa zima. Kila aliyewahi kurudi kutoka misheni alikuwa amesema hivyo, na walijua mahali pa kuitikia.

"Hapana, nisikilizeni. Nimefundishwa kweli. Yule mama ni fundi wa makoti miaka kumi na minane. Alijifanya hajui ili apate mashine, kwa sababu sisi tuliwaandikia kwamba anayejua hapewi. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui kola. Makoti yote haya mnayoyaona, kola zake ni mbovu, na nimezishona mimi. Yeye ndiye mwalimu. Mimi ndiye mwanafunzi."

Watu walitazamana. Mzee mmoja wa mbele alianza kupiga makofi taratibu, wengine wakamfuata, na akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Mchungaji alichukua kipaza sauti, sauti ikimtetemeka.

"Mmeona unyenyekevu, kanisa? Mtu amesafiri, ametoa jasho lake, na utukufu wote anawapa maskini. Mwakani huyu ndiye atakayeongoza msafara!"

Alikasirika, Mama Pindo. Alirudi kwenye kiti chake akiwa na hasira ya kutaka kuipiga ndoo teke. Ukiungama dhambi ukapigiwa makofi, utakwenda kuiungama wapi tena? Mumewe peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameinama, anaichunguza kola ya koti la mkewe kwa karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Walipofika nyumbani alimwambia, "Mimi nimekusadiki."

"Wewe peke yako."

"Shingo yangu ni shahidi wa miaka ishirini na sita. Kola hiyo hukuishona kwa akili yako." Akavaa shati jipya alilomshonea wiki ile, akazunguka chumbani, akatingisha kichwa kwa nguvu, kola ikatulia. "Mwandikie huyo mama. Mwambie kuna mzee huku amepumzika."

Yeye ndiye aliyepigilia msumari, na cheti kikaning'inia katika chumba cha mbele, juu ya cherehani, ndani ya fremu iliyokuwa ya picha ya lori. Wateja walikisoma wakingoja kupimwa. Makoti sasa hayakupelekwa mtaa wa pili, ila Mama Pindo mwenyewe alikwenda, mara moja, kumwambia yule fundi asante na samahani, jambo lililomshangaza fundi wa watu.

Miezi minane baadaye Mwenyekiti alikuja na kitambaa cha kijivu. Alitaka koti jipya kwa ajili ya msafara wa pili, maana la kwanza, alisema, lilikuwa na shida kidogo ya shingo. Wakati Mama Pindo akitafuta futi yake, yeye alivaa miwani akasoma ukutani.

"Lo, Mama Pindo! Hapa wamekosea. Wamekuweka wewe kwenye mwanafunzi."

"Wapi?"

"Hapa. Na mwalimu wameandika jina jingine. Ndiyo hayo tunayoyasema, watu wa kule kusoma bado kazi. Nipe nikurekebishie, kalamu ninayo."

Alikuwa ameshaichomoa kalamu mfukoni, na mkono wake mwingine unakwenda kwenye msumari. Mama Pindo aliushika ule mkono, kwa heshima, akaushusha.

"Hapo hapajakosewa, Mwenyekiti," alisema. "Geuka nikupime shingo."